Mtoto Aliyeitwa Korola

Katika vijiji vya Kilosa wapo watoto wenye majina ya magari. Yuko Karina, ambaye siku hizi ni mke wa mtu na anauza vitenge sokoni Mikumi. Yuko Raumu wa Mvumi, mvulana wa darasa la tatu, ambaye akipiga miayo wenzake humwambia avute mlango wa pembeni. Na yuko Korola wa kijiji cha Ulaya. Wote walizaliwa njiani, kwenye kiti cha nyuma cha gari la Danieli, kabla mama zao hawajafikishwa hospitali.

Danieli alikuwa dereva wa gari la kukodi, mkazi wa Magomeni pale Kilosa mjini. Enzi ya matope, barabara ilipokuwa inakatika kila masika, madereva wengi walikataa kubeba mama mwenye uchungu. Walisema wanaogopa viti kuchafuka, lakini ukweli ni kwamba waliogopa wenyewe. Danieli alikubali. Chini ya kiti chake kulikuwa na khanga mbili safi, glavu, wembe mpya na uzi, na khanga zikitumika mkewe Yusta alitoa nyingine kabatini bila kuuliza.

Desturi ya Wasagara wa milimani kule ni kwamba mtoto akizaliwa njiani, jina lake hutoka kwa aliyempokea. Awe ndugu, awe mpita njia, yeye ndiye mwenye kutaja. Na kila Danieli alipoambiwa ataje, alitaja jina la gari alilokuwa akiendesha wakati huo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wengine walisema yule bwana amelipenda gari lake kupita kiasi. Padri mmoja, siku ya kumbatiza Korola, alisita na kuuliza kama kuna mtakatifu yeyote mwenye jina hilo. Bibi wa mtoto akamjibu kwamba huyu atakuwa wa kwanza.

Yusta hakucheka sana. Yeye na Danieli hawakujaliwa mtoto. Mama mkwe wake, Natalia, aliyempenda kama binti yake wa kumzaa, alikufa bila mjukuu wa kumwachia jina. Yusta alitamani walau mmoja wa wale wasichana wa barabarani aitwe Natalia. Siku moja alimuuliza mumewe kwa nini hafanyi hivyo. Danieli alikuwa anafuta kioo cha mbele. Akaendelea kufuta, akasema, "Gari ndilo lililofanya kazi." Yusta akaona amejibiwa kama mtoto, akaingia ndani. Hakuuliza tena, lakini kidonda kilibaki.

Danieli alifariki masika yaliyopita, kwa shinikizo la damu. Walipomaliza arobaini, ndugu wakarudi kwao, na nyumba ikawa na ule ukimya wa vyombo visivyochafuka. Yusta alipika kidogo, akafagia uwanja ambao haukuwa na uchafu. Kilichompa nguvu ni kitu ambacho hakumwambia mtu: kwamba huko vijijini kuna mama anatoka mlangoni na kuita, Raumu, njoo ule, na kuna mwingine anaita, Korola, kachote maji. Aliona kwamba kila wanapoitwa, Danieli naye anatajwa.

Ndipo akaja Kasiani.

Kasiani alikuwa mjomba wa Korola, karani katika ofisi moja ya Mikumi. Mama wa mtoto ameolewa Ifakara, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye kauli, kama ilivyo kwao. Aliegesha kigari chake kidogo nje, akapiga hodi, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu kiti. Ulaya hawajambo?"

"Hawajambo. Poleni tena."

"Tumeshapoa."

Alikunywa maji, akaisifu bustani ya mchicha, akauliza habari za mvua. Yusta akajua kuna jambo.

"Mama, nimetumwa," alisema mwisho. "Nisikudanganye, nimejituma mwenyewe. Ni habari ya mpwa wangu. Mwakani, Mungu akipenda, anaingia sekondari. Jina likishaandikwa huko ndilo hilo hilo mpaka uzeeni. Sasa tumekaa, tukaona tumvue hili, tumpe lingine."

"Mvue Korola?"

"Mama, watoto wanamsumbua. Akichelewa mstarini wanasema haijawaka, isukumwe. Akirudi nyuma kuchukua daftari wanampigia mluzi wa rivasi. Hayo ya utoto yatapita. Lakini hebu fikiri amekuwa daktari. Mgonjwa anaambiwa, nenda chumba cha pili, utamkuta Dokta Korola."

Yusta alicheka bila kutaka. "Mgonjwa ataingia akiwa na imani ya kufika."

"Ataingia akiuliza nauli."

Wakacheka wote, kisha kicheko kikaisha, na Kasiani akaendelea kwa sauti ya chini. Jina la aliyezaliwa njiani halivuliwi na mtu yeyote tu. Huvuliwa na aliyelitoa, na kama hayupo, huvuliwa na nyumba yake. Yusta ndiye aliyebaki katika nyumba ile. Ataliita jina la zamani mara ya mwisho, mtoto ataitika, atanawishwa mikono, kisha litaitwa jina jipya. Mtoto akiitika, limeshika.

"Mmemchagulia lipi?"

"Agripina. Ni la bibi mzaa mama yangu. Jina la ukoo, lina watu nyuma yake."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Mtoto atasema nini, mama? Mtoto ni mtoto."

Yusta alitazama mikono yake. Alijua hana haki ya kukataa, na alijua pia kwamba akikubali, huyo wa Ulaya atakuwa wa kwanza tu. Mama yake Raumu naye atasikia. Baada ya miaka michache hakutakuwa na mtu njiani kote anayeitwa kwa kinywa cha Danieli.

"Nipe mpaka Jumamosi," alisema. "Siwezi kuvua kitu nisichokijua. Hilo jina sijui maana yake."

"Maana yake gari, mama."

"Na gari nalo lilipewa jina na mtu."

Kesho yake alipanda basi kwenda Mikumi kwa Goodhope, mtoto wa mdogo wake, aliyekuwa mapokezi katika nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Malori yalikuwa yamejipanga nje, madereva wanakula chipsi mayai kwenye kivuli. Goodhope alimkalisha nyuma ya meza yake, akamletea soda.

"Mama mkubwa, umepanda basi kutoka Kilosa kuja kuniuliza habari za Toyota? Si ungepiga simu."

"Kwenye simu ungenijibu haraka haraka."

"Haya, nitajie." Goodhope alishika simu yake kwa mikono miwili, kucha ndefu zikagonga kioo. "Tuanze na lipi?"

"Karina."

Goodhope alisoma, akakunja uso, akatafsiri polepole. "Ni ule mti wa chini kabisa wa meli. Mbavu zote zinashikwa pale. Tena kuna nyota zimeitwa hivyo hivyo, huko kusini mwa anga."

"Karina muuza vitenge?"

"Ndiyo huyo huyo, mwambie ana nyota. Atapandisha bei."

"Raumu je?"

"Raumu ni Kijerumani. Ni nafasi, ile ya kukaa, kama chumba." Akaweka simu chini kidogo. "Yaani Mjapani ametengeneza, Mjerumani ametoa jina, Msagara amezaliwa humo."

Alicheka peke yake, na Yusta akamsubiri amalize. Lililomleta bado hakuwa amelitaja. Aliogopa kulitaja, kwa sababu likiwa halina maana atakuwa amefunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Korola," alisema.

Goodhope alisoma, safari hii bila mzaha. "Kilatini. Taji dogo. Wanasema lile la maua, la kuvaa kichwani. Tena ni jina la yale majani ya rangi ya ua, yote kwa pamoja, yanavyozunguka."

Yusta akaweka soda chini. Aliona ubao mweusi, akaona mwalimu wa baiolojia akichora ua kubwa kwa chaki na kuandika majina pembeni kwa mishale. Alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne, na neno lile alikuwa ameliandika kwa mkono wake kwenye mtihani. Miaka yote ile gari lililala uani kwake, alilipitia akienda kuanika nguo, na hata siku moja hakuwaza kwamba ni neno lile.

"Baba mkubwa alijua?" Goodhope aliuliza.

"Hata sijui. Yeye shule aliishia la saba. Lakini alikuwa anauliza uliza watu."

Goodhope akamsomea na mengine, kwa raha tu ya kusoma, moja baada ya jingine, mpaka mgeni alipokuja kuomba ufunguo. Yusta alirudi Kilosa amekaa dirishani, moyo umechangamka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Sasa ana la kusema. Ataenda Ulaya awaambie: mtoto wenu mmemvika taji dogo la maua tangu siku ya kwanza, na leo mnataka kumvua. Nani atamjibu? Agripina ni jina la heshima, lakini nani anajua maana yake? Alilipanga neno kwa neno, kama mtu anayekwenda barazani na shahidi wake.

Jumamosi Kasiani alimfuata kwa gari. Ulaya ilikuwa siku ya gulio, baiskeli zimebeba magunia ya mahindi na matenga ya nyanya, kwa hiyo waliingia taratibu. Bibi Hildegarda, mama yake Kasiani, alikuwa amekaa mkekani nyuma ya nyumba akipukuchua mbaazi. Yusta alimpigia shikamoo, akaketi, akavuta ungo akaanza kumsaidia. Ndani kulisikika sauti ya Korola akiosha vikombe.

"Kasiani anasema ulikwenda mpaka Mikumi kutafuta maana," alisema Hildegarda.

"Nilikwenda, mama."

"Ukaipata?"

"Nimeipata. Ni nzuri."

"Vizuri." Bibi alipepeta maganda. "Lakini mimi nilikuwapo, mwanangu. Ya kwangu hukuijia."

Yusta akaacha kupukuchua.

"Ulikuwa mchana, mvua imeshika. Mto umejaa, tumesimama upande huu na gari, hatuendi wala haturudi. Binti yangu akasema, mama, siwezi tena. Danieli akatandika khanga. Mimi nimemshika binti kichwa, yeye kapokea mtoto. Mtoto akalia hata hajakatwa kitovu. Tukamfunga, tukamweka kwa mama yake. Nikamwambia, baba, umempokea, mpe jina. Tena nikamwambia hivi: nimesikia kwako hamjajaliwa. Mpe la mama yako. Mimi nitafurahi."

"La Natalia?"

"Sikulijua. Nilisema tu la mama yako. Mvua inapiga bati la gari. Akasema, mama, nikimpa jina la mama yangu nitamtaka. Kila nikipita hapa nitasimamisha gari. Nitaleta sukari, nitauliza kama anaumwa, nitauliza kama anasoma. Mwishowe nitasema jina ni letu, mtoto ni wetu, na nyinyi kwa sababu ya siku ya leo mtaona aibu kunikatalia. Mwiteni jina la gari. Gari halina ukoo. Halitakuja hapa kudai mtoto."

Mbaazi chache zilikuwa zimebaki mkononi mwa Yusta. Alikunja kiganja, akakikunjua.

"Hakuniambia," alisema.

"Angekuambiaje? Kwamba alipewa mtoto akakataa?"

Yusta hakulia. Aliona tu mgongo wa Danieli na kitambaa kikizunguka kwenye kioo cha mbele, na safari hii aliona pia kwamba kioo kile kilikuwa kimeshatakata, na bado anafuta. Akajua kwamba maneno yote aliyoyapanga kwenye basi hawezi kuyasema. Yalikuwa maneno ya kudai. Danieli alijinyima ili mtoto huyu asidaiwe na mtu, na yeye amekuja na taji la maua mkononi, kumdai.

Waliketi ukumbini. Kulikuwa na Hildegarda, Kasiani, na majirani wawili wa kushuhudia. Korola aliletwa amevaa gauni la Jumapili, msichana mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kutazama kitu kimoja mpaka akimalize. Akapiga magoti mbele ya Yusta. Bakuli la maji likawekwa kati yao.

"Korola," Yusta aliita.

"Abee."

Akamshika mikono, akainawisha polepole, kidole kwa kidole. "Nyumba ya Danieli inakushukuru," alisema. "Umelibeba jina letu vizuri. Leo tunakuvua kwa amani. Hatuna neno nawe, wala hatuna la kukudai. Uende nalo jipya popote, na Mungu akutangulie."

Akamfuta kwa khanga. Majirani wakaitikia amina. Kasiani akajiweka sawa kwenye kiti, akakohoa.

"Agripina."

Msichana alikuwa anatazama maji ndani ya bakuli.

"Agripina," Kasiani akarudia, kwa sauti ya ofisini.

Nje mtu alipita akiuza mikate, kengele ya baiskeli ikalia.

"Mtoto huyu leo masikio kayaacha wapi?" Kasiani aliuliza.

"Mwache," alisema Hildegarda. "Hakamatwi mtu hapa. Yusta, jaribu wewe. Wewe ndiye uliyemvua."

Yusta alijua anaweza kuliita vibaya. Angeweza kuliita kwa sauti ya kuchoka, likaanguka pale pale sakafuni, na hakuna ambaye angemlaumu mjane. Lakini alivuta pumzi, akaliita kama anavyoitwa mtoto anayependwa, sauti ikapanda mwishoni.

"Agripina."

Msichana akainua macho. "Bibi, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Hilo mlilonivua lilikuwa na maana gani?"

Kasiani akafungua kinywa. Mama yake akamwekea mkono gotini, akakifunga.

"Umewahi kuchambua ua?" Yusta alisema. "Yale majani ya rangi, yanayozunguka yote pamoja, ndiyo yanaitwa hivyo. Mwanzo wake ni Kilatini. Taji dogo. Waliotengeneza gari walilichukua huko."

"Na babu Danieli alijua?"

Hapo ndipo alipotamani kusema ndiyo. "Sijui, mama. Sitakudanganya. Ninalolijua nimelisikia leo kwa bibi yako. Alikupa jina ambalo hakuna mtu angekushika kwalo, hata yeye."

Korola alilifikiria hilo. Kila mtu alimwona akilifikiria, na hakuna aliyemharakisha.

"Agripina ni zuri," alisema. "Ni la ukoo. Mjomba amwekee mtoto wake, si mkewe ana mimba."

"Nani amekuambia mke wangu ana mimba?" Kasiani alisema.

"Kumbe?" alisema Hildegarda, akamgeukia mwanawe mzima mzima. "Mimi naambiwa na nani sasa?"

"Mama, tulikuwa tunasubiri kidogo."

"Mnasubiri aanze kutembea?"

Majirani wakashindwa kujizuia. Kasiani alijifuta jasho, akageuka tena kwa mpwa wake, akijaribu kurudisha heshima ya kikao. "Huko sekondari watakucheka."

"Wananicheka hata nikiwa wa kwanza darasani, mjomba."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Nataka lile. Mimi nalitaka. Hamkuniuliza tu."

Kasiani alimtazama mama yake, kisha Yusta. Yusta alikuwa ameshika khanga yenye maji mapajani, na hakuthubutu kusaidia wala kuzuia. Jina lilikuwa limekwisha kuvuliwa. Kama linarudi, haliwezi kurudishwa na nyumba ya Danieli. Linatakiwa kuitwa na watu wa mtoto. Kasiani alilielewa hilo, akakuna kidevu, akaonekana kama mtu anayetafuta gia.

"Korola," aliita.

"Abee, mjomba."

"Haya. Kalete chai."

Walikunywa chai na mihogo. Mzee mmoja jirani alitaka kujua Fuso maana yake nini, Yusta akasema hilo hakuliuliza, na mzee akasikitika. Jua lilipopungua Kasiani akasema amrudishe mama Kilosa, na Korola akaomba kumsindikiza. Hildegarda alifunga mbaazi kwenye kitambaa, akampa Yusta.

Gari lilikuwa dogo, magoti ya Kasiani yalikaribia usukani. Waliposhika njia alianza kutafuna maneno, mpaka akayatoa.

"Na hii yangu je? Paso?"

"Mtoto wa mdogo wangu alinisomea. Ni Kitaliano. Hatua, ya mguu."

"Hatua ngapi?"

"Moja."

Kasiani alikwepa shimo barabarani. "Ndiyo maana mlima wa Iyovi hainisikii," alisema.

Huko nyuma Korola alicheka, kicheko kikubwa kuliko umbo lake. Kisha akasogea katikati ya viti viwili, akaweka kidevu karibu na bega la Yusta.

"Bibi, kwako kuna nani?"

"Mimi tu."

"Likizo naweza kuja?"

Yusta alitazama mbele, mahali barabara ilipokuwa inapinda kuingia kwenye mashamba ya mkonge.

"Uombe kwa mjomba wako na bibi yako kwanza. Wakikubali, uje."

"Wamekubali," alisema Kasiani.

"Ila mimi kupika bado sijui," alisema Korola. "Nisije nikakuudhi."

"Danieli naye alikuwa hajui," alisema Yusta. "Siku nikiumwa tulikula alichopika hivyo hivyo."